5.9 mara tatu: bili ya ardhi inayoteleza kimyakimya

Julai 17, 2007, Jumanne jioni, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga chini ya Mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron. Februari 3, 2008, Jumapili asubuhi watu wakiwa ibadani, 5.9 nyingine ikapiga mpakani mwa Kongo na Rwanda, karibu na Bukavu. Septemba 10, 2016, Jumamosi saa 9:27 alasiri, 5.9 ya tatu ikaiangukia Kagera. Sasa chukua ramani uweke kidole Mwanza. Gelai iko kama kilomita 350 mashariki yako. Bukavu iko kama kilomita 440 magharibi, na zote mbili zimekaa karibu mstari mmoja na Mwanza, nyuzi 2.5 na kitu kusini mwa ikweta. Kitovu cha tetemeko la Kagera kilikuwa kama kilomita 220 kaskazini-magharibi, ng'ambo ya ziwa.

Namba ni moja, bili ni tatu, na hazifanani hata kidogo. Kule Gelai, kwenye nyika ya wafugaji yenye maboma machache, habari kubwa ya wiki ile ilikuwa watu wa Nairobi kukimbia nje ya maghorofa. Mpakani mwa Kongo na Rwanda walikufa karibu watu 40. Kagera walikufa 17 na kujeruhiwa 440. Hesabu ya serikali ya wiki ile ya kwanza ilionyesha nyumba 2,063 zimeanguka, 14,081 zimepasuka kiasi cha kuwa hatari, na nyingine 9,471 zimeharibika kidogo. Watu 126,315 walihitaji msaada. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo zimesomesha vizazi vya Wahaya na majirani zao, zilifungwa kwa sababu majengo hayakukalika tena.

Kwa hiyo namba inayotajwa redioni dakika chache baada ya tetemeko haitupi gharama. Nadhani pia inatuficha jambo jingine kubwa zaidi: inapima ardhi iliyopiga kelele tu. Ipo ardhi inayosogea kwa kiasi kilekile, au zaidi, bila sufuria hata moja kutikisika jikoni. Mmoja wa mifano iliyochunguzwa vizuri barani Afrika umetokea hapa hapa Tanzania, nao ni ule wa Gelai.

Tuanze na ukubwa wenyewe. Nishati ya mawimbi ya tetemeko la 5.9 ni kama kilowati-saa milioni 12. Bwawa la Julius Nyerere, likizungusha mitambo yake yote 9 kwa megawati 2,115, lingehitaji saa 6 hivi kuzalisha kiasi hicho. Kila namba nzima unayopanda, nishati huzidi mara 32 hivi. Ukipanda namba mbili, mara 1,000. Tetemeko la Rukwa la Desemba 13, 1910, lililofikia 7.4 na ambalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne ile, lilikuwa karibu mara 180 ya lile la Kagera. Na lile la Sumatra la Desemba 26, 2004, ukubwa wa 9.1, lilikuwa kama mara 63,000. Bwawa la Nyerere lingefanya kazi usiku na mchana kwa miaka 42 ndipo lilifikie. Mawimbi yake ya bahari yalivuka zaidi ya kilomita 6,000 na kufika pwani yetu mchana wa siku ileile, na Tanzania ikapoteza watu wasiopungua 10.

Sumatra ni mahali ambapo bamba moja la gandunia linajipenyeza chini ya jingine. Matetemeko ya 9 hutoka kwenye mipaka ya namna hiyo, kwa kuwa huko ndiko ufa mmoja unaweza kuwa na urefu wa kilomita zaidi ya 1,000. Mwanza haina mpaka wa namna hiyo. Mji umekaa juu ya mwamba mkongwe wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ule unaouona ukichomoza kwenye Jiwe la Bismarck na juu ya vilima vya Mabatini na Igogo, na chini yake gamba gumu la dunia linashuka kilomita nyingi sana. Wataalamu wanalichukulia eneo hili lote, pamoja na ziwa, kama bamba dogo lenye jina la Victoria. Linazunguka kinyume cha saa taratibu mno, huku Bonde la Ufa likipita kando yake pande zote mbili: tawi la magharibi kupitia Albert, Kivu na Tanganyika, na tawi la mashariki kupitia Turkana, Natron na Manyara. Elifuraha Saria wa Chuo Kikuu Ardhi aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na kuweka namba kwenye miendo hii kwa kutumia GPS. Huku kwetu mianya inafunguka kwa milimita chache tu kwa mwaka.

Milimita chache zinaonekana si kitu. Lakini tufanye hesabu. Wataalamu wanapopima ukubwa wa tetemeko huzidisha vitu vitatu: eneo la ufa lililoteleza, umbali lililoteleza, na ugumu wa mwamba. Kipande cha ufa chenye kilomita 10 kwa 10 kikiteleza sentimita 30, unapata 5.9. Ufa ukilimbikiza milimita 2.5 kwa mwaka, sentimita 30 hukusanyika kwa miaka 120. Tetemeko la Rukwa lilihitaji mtelezo wa mita kadhaa, kwa hiyo ufa wa aina ile unaweza kukaa kimya miaka 1,000 kabla haujalipa deni lake. Hakuna babu anayeweza kumsimulia mjukuu tukio la miaka 1,000 iliyopita, ndiyo maana sehemu nyingi za kanda hii watu husema matetemeko si ya kwetu.

Rudi kwenye zile sentimita 30. Kanuni ya kuzidisha vitu vitatu haina saa ndani yake. Kipande kilekile kikiteleza sentimita 30 kwa sekunde tano, nyumba zinaanguka. Kikiteleza sentimita 30 zilezile kwa siku 10, mwendo ni milimita 1.25 kwa saa. Hakuna kitakachotikisika, wala mashine ya kupima mitetemo haitaandika kitu. Lakini kazi iliyofanyika chini ni ileile: mwamba umesogea, mzigo umehamia kwa jirani. Huu ndio mtelezo wa polepole.

Gelai ilikuwa hivyo. Mwaka 2007 kundi la watafiti wa Ulaya, Marekani na Tanzania lilikuwa tayari na mashine za kupimia mitetemo zilizotegwa katika eneo lile, bahati ambayo haitokei mara nyingi. Mfululizo wa mitetemo ulipoanza katikati ya Julai, walilinganisha picha za rada za setilaiti ya Ulaya ya Envisat na ya Japani ya ALOS, zilizopigwa kabla na baada. Katika picha ya Envisat, kila mzunguko mmoja wa rangi, kutoka nyekundu kupita kijani na bluu hadi nyekundu tena, ni sentimita 2.8 za ardhi kusogea kuelekea setilaiti au kuiacha. Kwenye miteremko ya Gelai mizunguko ya rangi ilijaa, ikabanana. Walipojumlisha mwendo wote ulioonekana kwenye picha na kuulinganisha na mwendo uliotokana na mitetemo yote iliyorekodiwa, ikiwemo ile ya 5.9, mitetemo ilikuwa sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ya kazi ya wiki zile ilifanyika bila kutikisa kitu. Éric Calais na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2008, wakionyesha kwamba ufa uliteleza polepole, ukaupunguzia mwamba mbano, na uji wa moto, yaani mwamba ulioyeyuka, ukapata nafasi ya kupenya juu kama ukuta mwembamba. Septemba 4, wiki saba kamili baada ya lile tetemeko kubwa, Ol Doinyo Lengai, mlima jirani, ukaanza kulipuka kwa nguvu.

Hii habari ilistahili kufundishwa shule zetu zote. Dunia imetumia pesa nyingi kutafuta mitelezo ya polepole chini ya bahari ya Japani na Kanada, na sisi tulikuwa nayo nchi kavu, mahali mtu anaweza kufika kwa gari na kuona nyufa zilizofunguka juu ya ardhi.

Sasa swali ambalo kila msomaji angeuliza: je, mtelezo wa polepole unatangulia tetemeko kubwa? Kama ndiyo, tumepata king'ora. Namba za huko kwenye mipaka mikubwa zinaelekeza pande mbili.

Upande wa kwanza, ndiyo, wakati mwingine. Japani, Machi 11, 2011: kabla ya 9.1 iliyoua na kupoteza watu zaidi ya 18,000, palikuwa na 7.3 siku mbili kabla, na watafiti waliporudi kwenye data waliona dalili za mtelezo wa polepole ukisogea kuelekea mahali ufa ulipokuja kuvunjika. Chile, Aprili 1, 2014: kabla ya 8.2 ya Iquique, palikuwa na majuma ya mitetemo mfululizo na ardhi iliyokuwa ikiteleza kuelekea baharini. Meksiko, mwezi huohuo wa Aprili 2014, pwani ya Guerrero: mtelezo wa polepole ulikuwa unaendelea 7.3 ilipopiga. Mifano mitatu yenye uzito.

Upande wa pili uko pwani ya magharibi ya Kanada na Marekani, kwenye mpaka wa Cascadia. Huko ndiko mwaka 2001 Herb Dragert na wenzake walipoonyesha kwa GPS kwamba sehemu ya chini ya ufa huteleza polepole kwa wiki kadhaa, kisha hutulia. Katika eneo la Kisiwa cha Vancouver hali hiyo hurudi kila baada ya miezi 14 hivi, ikiteleza sentimita chache kila mara. Ukubwa wake, ukipigiwa hesabu ileile ya vitu vitatu, unazidi 6, na hakuna raia anayeamka. Tangu vipimo vianze wamehesabu zaidi ya mara 20. Tetemeko kubwa la mpaka huo katika kipindi hicho: sifuri. La mwisho la ukubwa wa kama 9 lilikuwa Januari 26, 1700, na kwa sentimita 4 hivi za kujipenyeza kwa mwaka, sehemu ya juu iliyong'ang'ania imelimbikiza deni la mita 13.

Piga hesabu ya gharama ya king'ora cha namna hiyo kwetu. Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu karibu milioni 3.7 katika sensa ya 2022. Tuseme, kwa mfano tu, watu milioni 1 wanapoteza shilingi 10,000 kila mmoja kwa kila siku ambayo shughuli zimesimama: mwaloni Kirumba hakununuliwi samaki, daladala hazitoki, vivuko vimefungwa nanga. Hiyo ni bilioni 10 kwa siku. Ukiwatoa watu kwa wiki mbili kila mtelezo wa polepole unapoanza, ni bilioni 140 kwa mara moja. Mara 20 ni trilioni 2.8. Na baada ya mara ya tatu bila tetemeko hakuna atakayetoka tena.

Mwaka 2023 Quentin Bletery na Jean-Mathieu Nocquet walijaribu njia nyingine. Walikusanya rekodi za GPS za matetemeko 90 ya ukubwa wa 7 na zaidi, wakazijumlisha zote, na wakaona kama kwamba ardhi huanza kuongeza mwendo saa 2 kabla. Ulimwengu wa wanasayansi ulichangamka. Muda mfupi baadaye Judith Hubbard na Kyle Bradley wakaondoa makosa yanayovichanganya vituo vya GPS kwa pamoja, na ile dalili ikatoweka. Kwa maoni yangu hii ni sayansi ikifanya kazi yake vizuri, na matokeo yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba "lini" bado haipo.

Wenzetu wanaoishi Muscat wanapaswa kufuatilia mjadala huu kwa karibu kuliko sisi wa ziwani. Mpaka wa Makran, kati ya Oman upande mmoja na Iran na Pakistan upande wa pili, ulitoa 8.1 mwezi Novemba 1945 katika sehemu yake ya mashariki. Sehemu ya magharibi imenyamaza, na kama inateleza polepole au imeng'ang'ania ndilo swali lenyewe.

Kagera je? Ule ufa uliteleza polepole kabla ya Septemba 10? Hapa namba zinatubana. Tetemeko lile lilitokea kama kilomita 40 chini, kina kirefu kwa bara kavu. Kwa hesabu ya kawaida, 5.9 kwenye kina hicho husogeza uso wa ardhi kwa milimita moja au mbili. Rada inayosoma mizunguko ya sentimita 2.8 haioni milimita moja kirahisi, hasa juu ya migomba na mawingu ya Bukoba. Kituo cha kudumu cha GPS kilichokuwa karibu na chenye rekodi ndefu ni cha Mbarara, Uganda, kama kilomita 110 kutoka kitovu. Kwa umbali huo hata hiyo milimita imekwisha. Mtelezo wa polepole wa ukubwa uleule ungepita na usiachie mtu yeyote alama.

Watu wa Mwanza waliusikia mtikisiko wenyewe. Wimbi la kwanza lilifika baada ya nusu dakika hivi, lile la pili, lenye kuyumbisha, sekunde 20 na ushei baadaye. Mwamba mkongwe na wa baridi hauli mawimbi, unayapitisha, na ndiyo sababu 5.9 moja ilisikika Uganda, Rwanda, Burundi na magharibi ya Kenya kwa alasiri moja.

Tuje kwenye ukuta, maana huko ndiko pesa iliko. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mzunguko wa mita 28. Nyingi zilizopasuka Kagera zilikuwa za tofali za kuchoma au za udongo zilizounganishwa kwa udongo, bila mkanda wa linta unaozunguka nyumba yote. Ukuta unapoyumba, kona ndizo huachana kwanza. Utaona ufa umeanzia juu ya dirisha, ukapanda kama ngazi kwenye maungio ya tofali hadi chini ya bati. Linta ya mzunguko inazifunga kona zisiachane. Kwa nondo 4 za milimita 12 kuzunguka mita 28 unahitaji mita 112, yaani nondo 10 za mita 12 ukihesabu na mapishano. Zege la upana wa sentimita 20 na kimo cha 15 ni kama mita za ujazo 0.84, mifuko 6 ya saruji. Ukiweka nondo kwa 25,000 na mfuko kwa 20,000, hiyo ni shilingi 370,000. Ongeza ringi, kokoto, mchanga, mbao za boksi na fundi, uite 600,000.

Tulinganishe. Chukulia kila nyumba iliyoanguka Kagera ilihitaji milioni 10 kujengwa upya, na kila iliyopasuka vibaya milioni 1. Zile 2,063 zinakula bilioni 20.6, zile 14,081 bilioni 14. Jumla karibu bilioni 35, na sehemu kubwa ya mzigo wa namna hii huishia mifukoni mwa kaya, kwa kuuza ng'ombe, kahawa au kipande cha shamba. Linta kwa nyumba zote 16,144 ingekuwa bilioni 9.7. Inaonekana rahisi: lipa 10 uokoe 35.

Si rahisi hivyo. Kabla ya tetemeko hakuna aliyejua ni nyumba zipi. Kagera ina watu karibu milioni 3, kaya kama 700,000. Linta ya 600,000 kwa kila kaya ni bilioni 420. Kwa kulinganisha, Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za zege juu ya Ghuba ya Mwanza lililofunguliwa Juni 2025, liligharimu zaidi ya bilioni 700. Hakuna halmashauri itakayotoa bilioni 420 kuokoa 35. Hata ukiongeza thamani ya uhai wa watu 17, na mimi naiongeza bila kusita, waziri wa fedha atauliza swali halali: tuanzie wapi?

Hapo ndipo mtelezo wa polepole unapopata thamani yake ya shilingi. Haujatupa lini, lakini unatupa wapi. Kule Cascadia na Japani, vipimo vilivyoonyesha sehemu zinazoteleza polepole ndivyo vilivyochora mpaka wa sehemu zilizong'ang'ania, na sehemu zilizong'ang'ania ndizo zinazojengewa kanuni kali. Kwenye Bonde la Ufa kazi ni ileile kwa kipimo kidogo: ufa upi unalipa deni lake taratibu kama Gelai, ambako uji wa moto unasaidia, na upi unalimbikiza kimya kama inavyoelekea kwenye miamba baridi ya upande wa magharibi. Ramani ikiweza kupunguza eneo la hatari hadi moja ya kumi ya kaya, bilioni 420 inakuwa 42, na hapo mjadala bungeni unabadilika.

Kituo kimoja cha GPS cha daraja la utafiti, pamoja na nguzo yake, sola na mtambo wa kutuma data, ni makumi ya maelfu ya dola. Weka dola 40,000. Vituo 10 ni dola 400,000, kama shilingi bilioni 1. Picha za rada za setilaiti ya Sentinel-1, iliyorushwa mwaka 2014, ni bure kwa yeyote mwenye kompyuta na bando, na setilaiti hurudi juu ya mahali palepale kila siku 12, tofauti na siku 35 za Envisat. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, na vijana waliosomea upimaji Ardhi wapo.

Tatizo kubwa lililobaki ni ziwa. Maji ya kilomita za mraba kama 68,800 ni shimo katikati ya mtandao wowote utakaojengwa, kwa sababu GPS haipimi mwamba kupitia maji. Lakini ziwa lina visiwa, na vingi ni miamba mitupu. Ukerewe na Ukara upande wa Mwanza, Bumbire upande wa Muleba, na Goziba, ambako wavuvi wana kambi. Nguzo nne za zege kwenye visiwa vinne, kila moja ikisoma milimita zake usiku na mchana, ndizo zingekuwa za kwanza kujengwa.